Mashua kuukuu inayovuja: kutafuta tundu, kugonga misumari na kukalafati

Kabla ya kununua pamba ya kukalafati, yaani ya kuziba mianya ya mbao, hesabu ndoo za maji yanayoingia. Fua ngama yote (toa maji yaliyokusanyika chini ndani ya chombo) mpaka upo, chombo cha kutekea maji hayo, ukwaruze mbao, andika saa, halafu fua tena baada ya saa 24 chombo kikiwa nangani. Mashua ya futi 30 yenye miaka ishirini na zaidi ikikupa ndoo moja ya lita 20 kwa siku, haina ugonjwa wa kukukosesha usingizi. Ikikupa tano, panga kazi. Lakini ile iliyokuwa ikitoa moja wiki iliyopita na sasa inatoa tatu ni mbaya kuliko ile ya tano kila siku, kwa sababu kuna kitu kinaachia na bado kinaendelea kuachia. Weka daftari. Nahodha anayesema "inavuja kidogo tu, siku zote" bila hesabu hajui kama ni kidogo wala kama ni siku zote.

Mwongozo huu ni wa mashua na majahazi ya mbao yaliyofungwa kwa misumari ya chuma, yale yanayobeba mizigo na yale yanayotembeza wageni. Kosa linalorudiwa kuliko yote katika vyombo hivi ni kukimbilia pamba. Chombo kuukuu huanza kuvuja kwa sababu misumari imeliwa na mbao zimeanza kucheza; pamba hutoka baadaye, kama matokeo. Ukijaza pamba mpya kwenye mbao zinazocheza, baada ya safari mbili tatu za kusi utaikuta inaning'inia kama ndevu.

Soma maji kwanza

Yaonje. Maji matamu ngamani yametoka juu: mvua imepenya sitahani au imeteremka na mlingoti. Ya chumvi yametoka chini au ubavuni. Wapo waliofumua kalafati nzima ya chini kwa ajili ya maji ya masika. Na hayo matamu ndiyo adui mkubwa wa mbao, kwani mvua inayotuama kwenye pembe za mataruma (mbavu za ndani za chombo) huozesha, wakati maji ya bahari huhifadhi. Ndiyo maana sitaha huoshwa kwa maji ya bahari hata kama kuna bomba gatini.

Kisha angalia chombo kinavuja lini. Kikiingiza maji kwa kiasi kilekile kikiwa nangani na kikiwa safarini, tundu liko chini ya mstari wa maji, mara nyingi pale ubao wa kwanza unapokaa juu ya mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo), au ni msumari uliokwisha. Kikivuja pale tu kinapolala upande, mianya ya juu imekaushwa na jua. Kumbuka ni upande gani, kwa sababu ukishafika pwani pande zote mbili zitafanana. Kikivuja kila upepo unapochacha, kulia na kushoto, mlingoti unasukuma mkuku na mbao zinateleza moja juu ya nyingine. Na kama kina injini ya ndani, kikivuja injini inapowashwa, nenda moja kwa moja kwenye glendi ya shafti (kizuizi cha maji pale shafti inapotokea nje) kabla hujagusa kitu kingine.

Usidharau tundu dogo. Msumari wa unene wa milimita 8 ukiliwa ukadondoka, sentimita 60 chini ya maji, tundu lake huingiza karibu lita 6 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 350 kwa saa. Tundu la inchi moja mahali hapohapo huingiza kama lita 60 kwa dakika. Mtu mwenye nguvu na ndoo ya lita 10 anaweza kutoa ndoo nne au tano kwa dakika, tena kwa muda mfupi. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini kazi ya misumari haiahirishwi.

Kuchagua siku ya kupandisha

Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) katika pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Unguja na Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 kwenye bamvua kubwa. Maji mafu (maji madogo ya kati ya bamvua mbili) yakifika, tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1. Kwa hiyo siku utakayopandisha ndiyo inayoamua utakaa pwani muda gani.

Kwa kazi ya siku moja, tuseme misumari miwili na mwanya mmoja, pandisha siku mbili tatu kabla ya kilele cha bamvua. Maji ya jioni yatajaa kupita ya alfajiri na chombo kitaelea chenyewe. Kwa kazi kubwa pandisha kwenye kilele chenyewe, juu kabisa ya pwani: maji yataanza kupungua kila siku, nawe utakuwa na karibu wiki mbili hadi bamvua lijalo. Anayechanganya haya mawili hujikuta amepwelewa na chombo cha watu, mizigo gatini, siku kumi na mbili.

Miezi ya kaskazi ndiyo mizuri, mvua ni chache na pwani nyingi zimetulia. Ila jua la kaskazi hukausha mbao kupita kiasi. Chombo kikikaa juu zaidi ya siku mbili, kifunike ubavu unaopigwa na jua kwa makuti au turubai, na mwagia maji ya bahari asubuhi na jioni sehemu ambazo hufanyii kazi. Mbao ikikauka kama kuni, mianya hufunguka. Utaijaza pamba nyingi, chombo kikirudi majini mbao zitavimba zikose pa kwenda, na nguvu hiyo itang'oa misumari kwenye mataruma. Mbao nzuri ya kukalafati ni ile iliyokauka usoni na yenye unyevu ndani: ukiigusa mkono hauloi, ukiikwangua kwa kisu vumbi lake linashikana.

Magadi (nguzo za kuegemezea chombo) yawe manne kwa mashua ya futi 30, mawili kila upande, na kila gadi likanyage kipande cha ubao ili lisizame mchangani. Kichwa cha gadi kiegemee mahali penye taruma kwa ndani. Likiegemea ubao mtupu katikati ya mataruma mawili, unatengeneza uvujaji mpya kabla ya kumaliza ule wa zamani. Toa shehena na mawe ya farumi (ya kutia chombo uzito) yote kabla maji hayajapwa.

Acha maji yenyewe yakuonyeshe

Hii ni hatua inayorukwa sana, na haigharimu chochote. Usifue ngama siku ya kupandisha. Bakisha maji ya kina cha kiganja juu ya mkuku, si zaidi, kwa sababu mita moja ya ujazo ni tani moja na mbao hazikujengwa kusukumwa kutoka ndani. Maji ya nje yakishashuka, panguza ubavu kwa tambara na usubiri. Palepale maji yalipokuwa yakiingilia ndipo yatakapotokea: mchirizi, tone, au mahali panapokataa kukauka wakati pengine pote pameshakauka. Weka alama kwa chaki ya rangi au mkaa. Una kama nusu saa kabla jua halijakausha alama ndogo au mchanga wa chini haujaloanisha kila kitu.

Kinachotokea nje ni cha kuaminika kuliko kinachoonekana ndani. Ndani maji hupita nyuma ya taruma, hufuata ubao, yakaibuka futi nne mbali na tundu. Kama lazima utafute ndani, kausha, kisha nyunyiza majivu makavu kwenye mbao na ufuate njia inayolowa kuelekea juu.

Baada ya hapo zunguka chombo na vitu viwili: kisu chembamba na nyundo ndogo. Gonga kila ubao. Mbao nzima hurudisha sauti kavu. Iliyooza hutoa sauti ya boga. Kisu kikiingia nusu inchi bila kusukumwa kwa nguvu, ubao huo haukalafatiwi, unabadilishwa. Chunguza matundu madogo kama ya pini chini ya mstari wa maji: mdudu wa baharini atoboaye mbao huingilia tundu dogo mno na kujichimbia njia nene kama kidole ndani, kwa hiyo uso wa ubao unaweza kuonekana mzuri na ndani mna sega tupu. Nyundo itakwambia.

Misumari kabla ya pamba

Tafuta machozi meusi. Chuma kinapoliwa, kutu yake huungana na maji ya mbao na kushuka ubavuni kama wino chini ya kichwa cha msumari. Palipo na chozi, kwangua deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini ya chombo) na rangi, utazame. Kichwa kikizunguka kwa ncha ya kisu, au kikitoka kama biskuti, msumari umekwisha. Mbao inayouzunguka nayo huwa imelegea na kuwa nyeusi kwa upana wa kidole.

Usigonge msumari mpya kwenye tundu la zamani. Tundu hilo limeshakuwa pana na mbao yake haishiki. Fanya hivi:

1. Ng'oa uliobaki, au uzamishe ndani kama umekatika. Safisha tundu kwa keekee mpaka uone mbao yenye rangi yake.
2. Chonga kizibo cha mti mgumu, kichovye kwenye sifa (mafuta ya papa), kigonge mpaka kishike, ukate usawa wa ubao.
3. Toboa tundu jipya inchi moja na nusu hadi mbili kutoka lile la zamani, kwenye taruma lilelile lakini si kwenye mstari uleule wa nyuzi za ubao, kwani misumari miwili kwenye mstari mmoja hupasua. Upana wa tundu uwe pungufu kidogo ya unene wa msumari, kama milimita 6 kwa msumari wa milimita 8.
4. Panua mdomo wa tundu ili kichwa kizame milimita 6 hivi ndani ya ubao.
5. Chukua uzi wa pamba uliolowa sifa, uzungushe mara nne au tano chini ya kichwa, kisha gonga.

Hatua ya tano ndiyo inayotofautisha kazi ya fundi wa vyombo na kazi ya seremala wa milango. Mafundi wa Matondoni (Lamu) au Nungwi (Unguja) hawagongi msumari wa chini ya maji bila kola hiyo ya pamba: kichwa kikiingia, pamba inabanwa kwenye mdomo wa tundu na kuzuia maji yasifuate chuma. Msumari usio na pamba ni bomba dogo.

Urefu wa msumari uwe mara mbili na nusu hadi tatu ya unene wa ubao. Kwa ubao wa inchi moja na robo, misumari ya inchi tatu na nusu inatosha. Kama inatokeza ndani, ikunje ncha ilale juu ya taruma kwa kufuata nyuzi za mti. Tumia iliyochovywa kwenye zinki ya moto, ile yenye ngozi nzito ya kijivu isiyong'aa. Inayong'aa kama kioo dukani imepakwa zinki nyembamba sana na bahari itaimaliza mapema.

Kama taruma lenyewe limeoza, hakuna msumari utakaoshika. Weka taruma jipya ubavuni mwa lile bovu, la mlilana au mkomafi (miti ya mikoko) wenye mpindo wa asili, badala ya kung'oa la zamani na kulegeza kila kitu kilichofungwa nalo.

Kukalafati

Vifaa: chembeu (patasi za kukalafatia) mbili au tatu, moja yenye makali butu ya milimita 2 na nyingine ya milimita 4, nyundo ya mti mgumu, au ya chuma nyepesi kama mkono wako umezoea, kulabu ya kutolea pamba kuukuu, ambayo hutengenezwa kwa kukunja ncha ya tupa iliyokwisha kazi. Msumeno wa umeme na gurudumu la kukatia viache nyumbani. Huchukua dakika moja kupanua mwanya uliodumu miaka thelathini, nao haurudi tena.

Pamba iwe pamba tupu, ndefu, isiyochanganywa na nailoni, kwa sababu nailoni haivimbi. Makadirio: mashua ya futi 30 yenye mbao kumi na mbili kila ubavu ina zaidi ya mita 200 za mianya; nusu yake iko chini ya maji. Kwa mwanya wa milimita 3 hadi 4 unahitaji kama gramu 30 hadi 40 kwa mita, kwa hiyo kilo 3 hadi 4 kwa ile nusu ya chini. Mafuta ya kuchovya ni sifa. Ukiikosa, mafuta ya nazi au ya ufuta yanafaa. Oili chafu ya gari haifai. Haigandi, inazuia deheni kushika, na mwishowe inaishia baharini.

Usitoe pamba yote. Piga kulabu kwenye mwanya: pamba iliyo nyeupe au ya kahawia, ngumu, inayokataa kutoka, iache. Inayotoka kama tumbaku, nyeusi na yenye mchanga, itoe mpaka mwisho wake na vidole vinne zaidi kila upande. Anza na viungo vya ncha, pale mbao mbili zinapokutana kichwa kwa kichwa, maana hapo ndipo panapofunguka kwanza.

Sokota pamba iwe uzi wa unene wa penseli kwa mwanya wa milimita 3, mnene zaidi kwa mwanya mpana. Chovya, kamua mpaka isidondoke. Kwa chembeu nyembamba ingiza uzi kwa vitanzi vidogo, kitanzi kila inchi moja, usiuvute ukanyooka. Palipo pana, sogeza vitanzi vikaribiane. Palipo pembamba viachanishe. Hivyo pamba hupungua na kuongezeka bila kukatwa. Ukimaliza mita mbili, rudi mwanzo na chembeu nene na ugongomee.

Sasa sikiliza. Mapigo ya kwanza ni mazito, kama unapiga godoro, na chembeu inazama kila pigo. Baada ya mapigo machache sauti inapanda, inakuwa kavu, na chembeu inaanza kuruka mkononi. Simama hapo. Pamba imekwisha kushiba; pigo linalofuata linaanza kusukuma mbao zenyewe. Fundi mgeni hujulikana kwa kuwa haachi kupiga. Juu ya pamba ibaki nafasi ya milimita 5 hivi hadi uso wa ubao.

Mwanya mzuri umekaa kama herufi V, wazi nje na umebana ndani. Ukiona mwanga kutoka ndani, pamba itapita na kuangukia ngamani. Hapo tumia ufito mwembamba wa mti laini, uliochongwa kabari na kupakwa sifa, uugonge kwanza, halafu pamba kidogo juu yake. Na ukigongomea mwanya mmoja ukaona pamba ya mwanya wa pili inalegea, acha kazi. Ubao unahama. Rudi kwenye misumari.

Kuziba juu na kupaka

Juu ya pamba hujazwa lipu ya chokaa iliyokandwa kwa sifa mpaka iwe laini kama unga wa chapati: isishike vidole, isikatike ukiivuta. Ibonyeze kwa kisu cha lipu, iache ikiwa chini kidogo ya uso wa ubao. Ukiiacha imetokeza, mbao zikivimba itasukumwa nje na kubeba rangi yote. Saruji isitumike kabisa, si hapa wala ngamani. Haifuati mwendo wa mbao. Hupasuka upande mmoja na kufungia maji nyuma yake, na siku utakapoivunja utakuta ubao umegeuka matope. Vivyo hivyo kuvika mashua kuukuu ya misumari kwa faiba na gundi: mbao iliyokunywa sifa miaka yote haishiki gundi, na unyevu unaobaki ndani hauna pa kutokea.

Juu ya mstari wa maji paka sifa tupu, mikono miwili, siku mbili mbalimbali. Harufu yake inajulikana. Kwa mashua ya wageni fanya kazi hii wiki moja kabla ya safari.

Chini huchomwa, tena kabla hujagusa pamba wala sifa. Washa makuti makavu upepesha moto chini ya ubavu, ukisogea bila kusimama, kiasi cha kukausha uso, kuua mwani na wadudu waliojishika, wala si kuchoma mbao. Mtu wa pili asimame na ndoo ya maji. Moto huja kabla ya sifa na kabla ya pamba mpya, si baada. Mafuta ya injini na mitungi viwe mbali.

Kisha deheni. Yeyusha shahamu kwa moto mdogo, ondoa motoni, ongeza chokaa kilichochekechwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Kipimo ni kidole: kichovye na ukiinue. Ikitiririka, chokaa bado. Ikidondoka vipande, shahamu bado. Inayotakiwa hukaa kidoleni kama uji mzito na kuacha ncha. Ipake kwa kiganja ikiwa ya vuguvugu, unene wa milimita 2 au 3, na uisugue kwa nguvu kwenye mianya na vichwa vya misumari. Deheni haidumu kama rangi ya dukani yenye shaba. Hesabu kuirudia kila miezi mitatu minne. Faida yake ni kwamba hufuata mwendo wa mbao na inakubali kupakwa juu ya sifa.

Mkuku, fashini na glendi

Ubao wa kwanza juu ya mkuku ni mgumu kufikiwa, basi huachwa. Lazima chombo kilazwe upande mmoja kwa maji ya kwanza na upande wa pili kwa maji yanayofuata, magadi yakihamishwa. Tazama pia ubao unapomalizikia kwenye hanamu (mti wa mbele) na fashini (mti wa nyuma): hapo misumari inaingia kwenye mwisho wa nyuzi na hushika kidogo.

Tikisa msukani kwa nguvu. Pini zake zikicheza, kila wimbi hugeuka nyundo kwenye fashini, nawe utakalafati hapo kila mwaka bila kujua sababu. Ondoa bolti, paka mdomo wa tundu shahamu na pamba, rudisha na washa mpya.

Glendi ya shafti ya kamba haitakiwi kuwa kavu. Shafti ikizunguka, matone machache kwa dakika ni sawa, na ukiigusa baada ya nusu saa ya mwendo isikuunguze. Kaza nati zote mbili sawasawa, robo duru kwa mara moja. Ikifika mwisho wa uzi wa nati, badilisha kamba: toa yote, ya zamani hadi pete ya mwisho, kata pete mpya tatu au nne kwa mshazari, na panga viungo vyake visikutane mstari mmoja. Wengi huongeza pete moja juu ya zile kuukuu zilizogeuka mawe. Hizo hula shafti.

Sitahani, kwa kifupi: maji huonekana mbali na yanapoingilia, kwa hiyo fuata boriti kuelekea juu. Kalafati ni ileile, pamba nyembamba zaidi. Gundi ya silikoni ya madirishani hairuhusu kitu kingine kushika baada yake.

Kushua, na siku tatu za kwanza

Chombo kitavuja kikiguswa na maji. Hiyo si kazi mbovu, mbao zinakunywa. Siku ya kwanza weka mtu wa kulala ndani na ufue kila saa mbili. Siku ya pili kila saa sita. Hesabu ndoo kama mwanzo. Zikipungua kwa nusu kila siku, subiri. Siku ya tatu zikiwa hazijapungua, kuna msumari uliorukwa.

Kama uvujaji ni wa mwanya mwembamba na huna bamvua karibu, jaza unga wa msumeno kwenye mfuko, piga mbizi, uufungue chini ya mahali penyewe. Maji yanayoingia yatauvuta mwanyani nao utavimba. Hii inakupa siku kadhaa, si msimu, na chombo kikienda kwa kasi unatoka.

Tundu likifunguka safarini

Geuza tanga kwanza, tundu liwe upande wa goshini, upande ulioinuka. Mara nyingi hilo peke yake linatoa tundu majini. Hamishia mizigo upande wa demani, ule ulioinama. Mmoja afue, mmoja atafute. Wote wawili wakifua hakuna atakayejua maji yanaingilia wapi.

Tundu la mviringo lizibe kwa kizibo cha mti laini kilichochongwa kama pia ya kuchezea, kimefungwa tambara lenye shahamu. Kaa na vizibo vitatu vya ukubwa tofauti, vimefungwa kwa kamba karibu na banduru (mahali pa kufulia maji), si chini ya magunia. Ufa mrefu ni bora uzibwe kwa nje: kipande cha turubai kilichopakwa shahamu nzito, juu yake bati, na misumari midogo kila inchi moja pembeni. Maji yenyewe hulibana bati kwenye ubao. Kwa ndani ni kinyume, maji hulisukuma, kwa hiyo unahitaji ubao juu yake na gadi fupi lililokazwa dhidi ya boriti. Bati la shaba lisifungwe kwa misumari ya zinki. Katika maji ya chumvi shaba itaila misumari na bati litadondoka kabla hujafika kwenye bamvua lijalo.